Kojani ni wilaya gani, na sheha huwekwa na nani?

Wakuu, Kojani ya Pemba, Zanzibar, iko Wete au Micheweni? Na sheha, yaani mkuu wa shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar), anapigiwa kura kama mwenyekiti wa kijiji kule Bara?

— Wete. Mkoa wa Kaskazini Pemba una wilaya hizo mbili tu; Chake Chake na Mkoani ni Kusini Pemba.

— Hapigiwi kura. Humteua Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya. Wengi humchanganya na diwani: huyo ndiye wa kura, na wadi yake hubeba shehia kadhaa. Barua ya ukaazi kaichukue kwa sheha wa unapoishi, si ulikozaliwa, maana yeye ndiye mwenye daftari la wakaazi wake.

— Kojani ni kisiwa, uvuke kwa chombo. Mpigie sheha kwanza.