Paleti ya Coolors inapendeza ikiwa mstari mmoja, lakini kwenye ukurasa haisomeki

kibao_wazi

Wakuu, nina paleti (seti ya rangi) niliyoitoa Coolors, zana ya mtandaoni ya kupanga rangi, kwa ajili ya tovuti ya kozi za mtandaoni: #264653 bluu iliyoiva, #2A9D8F kijani cha bahari, #E9C46A njano, #FF8C42 machungwa, na nyeupe. Zikipangwa pamoja zinapendeza sana. Nikizipeleka kwenye ukurasa, kila sehemu inavuta jicho upande wake: vichwa vya kijani, kadi za njano, vitufe vya machungwa vyenye maandishi meupe ambayo kwenye simu ni shida kusoma. Tatizo ni zana au ni namna ninavyoitumia? Halafu rangi za kijivu za mistari, fomu na maandishi madogo huwa mnazitoa wapi? Paleti haikunipa hata moja.

nukta_nne

Zana haina kosa. Coolors, Adobe Color na Paletton hukupa rangi zinazopatana. Hazijui ipi itakuwa kitufe na ipi itakaa nyuma ya aya ndefu. Huo ni uamuzi wako, na ufanyike kabla ya kugusa CSS (lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa).

Andika kwanza majukumu: usuli, usuli wa pili (kadi, safu ya juu ya jedwali), maandishi makuu, maandishi hafifu, mpaka, rangi kuu, rangi ya kitendo. Utaona kwamba majukumu mengi yanataka kijivu au kitu kinachokaribia weupe. Kanuni ya 60-30-10 inafaa kama makadirio: 60% ya eneo iwe rangi tulivu, 30% rangi kuu, 10% ya kusisitiza. Machungwa yako ndiyo hiyo 10%, na ningeiachia vitufe vya kitendo peke yake. Ikishaingia kwenye ikoni na vichwa, msomaji hajui tena pa kubofya. Njano ibaki kwa alama ndogo, kama "kozi mpya".

Kijivu unakitengeneza mwenyewe kutoka rangi kuu. #264653 kwenye HSL (mfumo unaoeleza rangi kwa pembe yake kwenye duara la rangi, ukolevu na mwangaza) ina pembe ya karibu 197. Ishike pembe hiyo hiyo, shusha ukolevu uwe kati ya 8% na 15%, kisha panga ngazi nane au tisa kuanzia mwangaza wa 97% (usuli wa pili) hadi 12% (maandishi makuu). Kijivu chenye chembe ya bluu kitakaa na paleti yako kuliko kijivu kitupu.

Vigeuzi vya CSS (majina yanayobeba msimbo wa rangi) vipe majina ya kazi: `--maandishi`, `--mpaka`, `--kitendo`. Ukiandika `--machungwa`, siku rangi ikibadilika jina linakuwa la uongo katika mafaili yote.

mizani

Naongezea kuhusu vitufe, maana hapo hesabu iko wazi. Mwongozo wa WCAG (wa tovuti zinazotumika na watu wote), kiwango cha AA, unataka uwiano wa kontrasti (tofauti ya mwangaza kati ya rangi mbili) usiopungua 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na 3:1 kwa maandishi makubwa (pikseli 24 na kuendelea, au takriban 18.7 yakiwa mazito). Mipaka ya sehemu za fomu na ikoni zenye maana nazo zinataka 3:1. Sasa pima paleti yako juu ya nyeupe:

#264653: takriban 10:1, inafaa kwa maandishi yoyote
#2A9D8F: 3.3:1, vichwa vikubwa na mipaka tu
#FF8C42: 2.3:1, haifai
#E9C46A: 1.7:1, haifai kabisa

Uwiano ni ule ule ukigeuza rangi, kwa hiyo maandishi meupe juu ya kitufe cha machungwa nayo ni 2.3:1. Ndiyo sababu hayasomeki.

Wengi hapa hukimbilia kuitia giza machungwa mpaka ipite. #B34700 inafika 5.5:1, lakini itazame vizuri: imeshakuwa kahawia, kwa sababu kahawia ni machungwa yenye giza. Uchangamfu uliokufanya uichague umepotea. Acha kitufe kibaki #FF8C42, badilisha maandishi yawe #1A1A1A, utapata zaidi ya 7:1. Machungwa na njano hupenda maandishi meusi, usishindane nazo.

Kupima tumia WebAIM Contrast Checker, au kwenye Chrome fungua zana za wasanidi, chagua maandishi, bofya kimraba cha rangi. Uwiano unaonekana hapo hapo. Angalizo moja: maandishi yaliyofifishwa kwa `opacity` (kuyafanya yaonyeshe kilicho nyuma) yapime kwa rangi inayoonekana kwenye skrini, siyo msimbo ulioandika. Na hali ya kitufe kikipitiwa na kipanya ipimwe pia, watu huisahau.

duara_kamili

Nakubaliana na nukta_nne kuhusu majukumu, ila ngazi zisijengwe kwa HSL ukishatoka kwenye kijivu. Mwangaza wa HSL haulingani na jinsi jicho linavyoona. Njano safi na bluu safi zote zina mwangaza wa 50% kwenye HSL, lakini juu ya nyeupe njano ina 1.07:1 na bluu 8.6:1. Ukipanga ngazi za kijani na za njano kwa namba zile zile, ngazi ya tano ya moja itasomeka na ya tano ya nyingine itafifia.

Tumia OKLCH, mfumo wa rangi ambao mwangaza wake unakaribia jinsi jicho linavyoona. Vivinjari vya sasa vinaielewa moja kwa moja ndani ya CSS, mfano `oklch(60% 0.1 185)`: mwangaza, ukolevu, pembe. Shika pembe, shusha mwangaza kwa hatua zinazolingana, na punguza ukolevu kwenye ncha mbili, karibu na weupe na karibu na weusi. Usipoupunguza, rangi inatoka nje ya uwezo wa skrini ya kawaida na kivinjari kinaibadilisha kwa namna ambayo hukuichagua.

kibao_wazi

Nimeweka maandishi meusi kwenye vitufe na kuondoa njano kwenye kadi, ukurasa umetulia. Yamebaki mawili. Nina chati ya maendeleo ya mwanafunzi, kijani kwa masomo yaliyokamilika na machungwa kwa yaliyobaki. Na nembo itachapwa kwenye vipeperushi. Nitumie misimbo hii hii?

mizani

Chati hiyo ina tatizo. Kontrasti kati ya kijani chako na machungwa ni 1.4:1 tu, vikiondolewa rangi vinakuwa karibu kijivu kimoja. Wapo wengi wenye upungufu wa kuona nyekundu na kijani, hasa wanaume. Kwenye zana za wasanidi za Chrome, paneli ya Rendering, unaweza kuiga upungufu huo na kuona chati kama wao wanavyoiona. Tiba: "yaliyokamilika" yawe #264653, "yaliyobaki" yawe kijivu cheupe chenye mpaka, na neno liandikwe kando ya kila sehemu. Rangi isibebe maana peke yake.

wino_kavu

Kuhusu nembo: misimbo ya heksi (kama #264653) ni ya mwanga wa skrini, mashine ya kuchapa inatumia wino wa CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi), ambao haufiki mbali kama skrini kwa rangi kali. Bluu yako haitabadilika sana. Machungwa itapoteza ukali. Mwombe mchapaji wasifu wa rangi anaoutumia (faili inayoeleza jinsi mashine na karatasi yake zinavyotoa rangi), geuza faili kwa wasifu huo ndani ya programu yako ya usanifu, rekebisha kwa macho, halafu hifadhi namba za CMYK kama toleo la pili rasmi la nembo. Vigeuzi vya mtandaoni vinavyotoa CMYK kutoka heksi bila kuuliza karatasi wala wasifu vinakisia tu.

Maandishi madogo ya kipeperushi yawe nyeusi ya K 100% peke yake, yaani wino mweusi tu. Ukichanganya wino nne, sahani za kuchapia zikihama kidogo herufi zinaota kivuli cha rangi pembeni. Na omba sampuli kwenye karatasi ile ile itakayotumika, kwa sababu karatasi isiyong'aa hunywa wino na kufifisha rangi zaidi.