Naomba ushauri: kijana wangu ni straika hapa Tallinn, nimpeleke Denmark kama alivyoenda Oper?

BabaNamba9: Habari zenu wakuu. Naishi Tallinn na familia. Kijana wangu ni straika kwenye akademi ya hapa. Kabla mpira haujamfikia anageuza shingo mara mbili kumtazama beki, halafu anaupokea kwa mguu wa mbali. Hakuna aliyemfundisha. Jumamosi iliyopita kafunga mawili.

Huku ukitaja straika, watu wanakutajia Andres Oper. Mabao 38 katika mechi 134 za timu ya taifa, hakuna Mwestonia aliyefikisha. Mwaka 1999 alitoka Flora Tallinn akaenda AaB, klabu ya Aalborg, Denmark, kisha Torpedo Moscow, kisha Roda JC ya Uholanzi. Nchi hii ina watu milioni 1.3 hivi, ukibaki hapa nani atakuona? Wakala amenipatia nafasi Denmark na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Usingizi sipati. Nimpeleke sasa au nisubiri?

KochaMchangani: Hongera mkuu. Hilo la kugeuza shingo ni kipaji, usiruhusu mtu alifute. Mimi nilikuwa na dogo Tanga, mguu wa kushoto tupu, lakini akipiga kipa hasogei. Akaja mtu na ahadi za Uarabuni, dogo akaacha timu na shule, tukaagana naye stendi. Ikapita miezi hajapanda ndege. Aliporudi uwanjani pumzi imekwisha na namba yake ina mwenyewe. Hadi leo nikiona namba 11 anakata kuingia ndani namkumbuka.

MamaPili: Baba, mpira unaishia kwenye goti. Shule je? Hujaandika hata neno moja la shule, na mama wa mtoto hujamtaja. Wazazi wa siku hizi mnawabebesha watoto ndoto zenu.

JichoLaMeza: Tallinn baridi, Aalborg baridi. Mlete Dodoma afunge kwenye jua.

Mtakwimu: Turudi kwa Oper, maana umemkata katikati. Timu ya taifa alianza 1995. Kwenda Denmark alikuwa na miaka 21, tayari ameshakomazwa na mabeki watu wazima pale Flora. Juni 2001 Uholanzi walikwenda Tallinn kutafuta Kombe la Dunia, Oper akafunga, Indrek Zelinski akafunga, Estonia wakawa mbele 2-1 hadi dakika kumi za mwisho. Wakaishia kufungwa 4-2, ila Uholanzi wenyewe hawakufika Kombe la Dunia la 2002. Huyo ndiye unayemtolea mfano: mwanaume aliyekomaa. Wako ana miaka mingapi?

BabaNamba9: Umri si tatizo mkuu, ana mwili. Anacheza na waliomzidi.

Mtakwimu: Sijauliza mwili. Miaka mingapi?

BabaNamba9: 15. Anatimiza 16 mwezi wa nane.

WakiliMstaarabu: Ndugu yangu, hapo ndipo ungeanzia. Kanuni ya FIFA, ibara ya 19, inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine. Ndani ya Umoja wa Ulaya mlango unafunguka akifika 16, na klabu lazima imhakikishie elimu, malazi na mtu wa kumwangalia. Kwa miaka 15 usajili huo haupo.

BabaNamba9: Hilo nalijua. Wakala amenieleza kwamba mzazi akihamia nchi nyingine kikazi, mtoto anaruhusiwa kumfuata. Nimepata kazi ya ghala Aalborg na notisi ya nyumba nimeshatoa. Sivunji sheria. Mama yake amekubali. Nafasi kama hii haibishi hodi kila mwaka, na Oper angengoja Tallinn nani angemjua Uholanzi?

WakiliMstaarabu: Kanuni inasema wazazi wawe wamehama kwa sababu zisizohusu mpira. Wewe umeandika hadharani kwamba unahama kwa ajili ya mpira. Mwaka 2014 FIFA iliifungia Barcelona kusajili kwa madirisha mawili (vipindi viwili vya usajili) kwa ajili ya watoto wa aina hii. Klabu ikiadhibiwa hupona. Mtoto anakaa benchi bila leseni, na umri huo haurudi.

Mkaguzi_TZ: Wadau, hii chai. Tuko Januari. Ligi ya Estonia inaanza Machi na kwisha Novemba, sasa hivi ni theluji tupu. Hayo mawili ya Jumamosi kayafunga wapi, barafuni? Mtu kasoma habari za Oper akatunga mtoto.

JichoLaMeza: Nilihisi. Na kazi ya ghala imepatikana Aalborg hiyohiyo, kwa bahati tu!

BabaNamba9: Mkaguzi, njoo Tallinn uone. Baridi ikishika watoto wanachezea ndani ya ukumbi, nyasi bandia, kuna mashindano ya msimu wa baridi. Jumamosi nilisimama ukutani nimeshika koti lake, chembe za mpira mweusi zimemjaa hadi kwenye soksi. Mimi sina muda wa kutunga.

KochaMchangani: Hilo la kumbi ni kweli, nchi za baridi wote hufanya hivyo. Mwacheni mzee.

Mkaguzi_TZ: Sawa. Basi jibu hili moja: wakala amekuomba hela?

BabaNamba9: Ada ya kufungua faili tu. Euro 1,500, nusu nimetoa.

MamaPili: Yesu wangu.

WakiliMstaarabu: Wakala halali hula kamisheni mkataba ukisainiwa, hafungui faili kwa hela ya mzazi. Wenye leseni wamo kwenye orodha ya FIFA mtandaoni, tafuta jina lake leo. Halafu piga simu klabu yenyewe, namba uitoe kwenye tovuti yao, si aliyokupa yeye. Uliza mambo mawili: wanamjua huyu mtu? Wamewahi kumwona mtoto akicheza?

BabaNamba9: Nitapiga kesho asubuhi. Ila notisi ya nyumba siirudishi.

Mtakwimu: Ukishapiga rudi hapa utuambie walichojibu. Na nusu iliyobaki usitume.