Watoto wa Uwemba: shamba la juu

Alhamisi

Anjela 06:12
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naomba leo tumalize hili, mvua za Novemba hazitusubiri. Mwl. Tumaini ametimiza 55 na barua yake ya kustaafu kwa hiari imeshafika kwa mkurugenzi. Anataka kupanda parachichi za Hass shamba la juu, ekari tatu. Kila mtu aseme ndiyo au hapana. Jumamosi tarehe 18 tukutane Uwemba tupime.

Anjela 06:13
Oswald, Festo, Grace, nyie ndio mnaosubiriwa.

Anjela 09:40
Watu kumi na mmoja mmesoma mkanyamaza. Tiki za bluu naziona.

Neema 09:52
Shikamoo ma'mkubwa. Mimi ndiyo 🙋🏾 mkate uko tayari, nasubiri la kupaka

Kelvin 09:53
Neema atamaliza shamba kabla mzigo haujafika bandarini 😂

Anjela 09:55
Watoto, tukimaliza mtacheka.

Grace 12:20
Niko zamu, nimeiba dakika mbili. Dada anataka kuyafukia mafao yote ardhini? Na kikokotoo chenyewe ndo hiki?

Anjela 12:24
Si yote. Mkupuo wa walimu, yaani mafao yanayotoka kwa mara moja, ulikuwa 33%, bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40%. Kinachobaki anakula kidogo kidogo kila mwezi. Ila mkupuo bado haujatoka, ndiyo maana nasema tumkopeshe miche. Nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari tatu ni kama miche 240. Kitaluni mmoja ni 4,000. Jumla 960,000. Tuko 12, kila mtu 80,000, atarudisha.

Grace 12:26
Itazaa lini?

Anjela 12:26
Mwaka wa tatu inaanza.

Grace 12:27
Atakuwa 58.

Kelvin 12:31
Mzee Maruge kule Kenya aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84. Shangazi Tumaini bado yuko chekechea

Neema 12:32
Tumnunulie begi 🎒 na chupa ya uji

Anjela 12:40
Naomba turudi kwenye miche.

Festo 13:35
Nimesoma. Shamba la juu baba hakuligawa. Mahindi ni ya msimu, ukivuna umeondoka. Mparachichi unakaa miaka na miaka. Aliyepanda ndiye atakuwa mwenye shamba.

Anjela 13:37
Hakuna aliyesema ni lake. Anaomba kulima.

Grace 13:41
Na aliyevuna mipaini je, naye ndiye mwenye shamba?

Festo 13:42
Grace, unaniuliza mipaini leo?

Grace 13:42
Malori mawili yaliondoka pale. Mabati ya nyumba ya mama yapo wapi?

Festo 13:44
Pesa ilienda hospitali, mnajua.

Grace 13:44
Hospitali tulichanga wote. Risiti ninazo.

Festo 13:46
*Ujumbe huu umefutwa*

Anjela 13:47
Jamani si leo. Nawaomba.

Mwl. Tumaini 16:48
Nimetoka darasani sasa hivi, nimesoma yote. Nisikilizeni.
Miaka 31 nimeshika chaki. Darasa la kwanza nililonalo lina watoto 97, jioni nikifika nyumbani sauti haitoki, namwita mtu kwa kupiga makofi. Kazi niliipenda na bado naipenda. Lakini tangu Machi kila Jumamosi nakwenda kitaluni kujifunza kubebesha miche. Anayenifundisha ana miaka 24, mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Ananiambia, "Mwalimu, kisu kikali, mkato mmoja, usirudie." Kikonyo, kile kijiti cha kuunganisha, unakichonga pande mbili kama unavyochonga penseli ya mtoto, unakichomeka kwenye mpasuo wa mche, ganda likutane na ganda, unafunga nailoni maji yasiingie. Ishirini za kwanza zilikauka 14. Nililia njiani. Ishirini za mwezi uliopita zilikauka tatu tu.
Nina miche yangu 62 pale kitaluni, ina majani. Sihitaji 240, wala mchango. Nahitaji ruhusa, iandikwe, ya miaka 15, na fungu la familia litoke kila mavuno. Festo, sitaki shamba liwe na jina langu.

Neema 16:51
Ma'mkubwa 😭😭

Anjela 16:53
Una miche 62 na hukuniambia? Nimeshaandika orodha ya wachangiaji!

Mwl. Tumaini 16:55
Nilikuambia Pasaka, mdogo wangu. Ulikuwa unagawa nyama.

Kelvin 16:56
Kwenye kugawa nyama hasikii mtu huyo 🤣

Iddo 18:05
Shikamooni. Nimemsomea Bibi Sekunda ujumbe wote. Amerekodi.

Iddo 18:05
🎤 Sauti 2:07

Grace 18:20
Bando limeniishia, haifunguki. Mwanangu tuandikie.

Iddo 18:44
Anasema hivi:
"Kamwene wanangu. Tumaini alime. Bondeni asipande. Sakitu, ile baridi ya barafu ya mwezi wa sita, inashuka usiku inalala bondeni. Viazi vya kaka yangu viliungua usiku mmoja, asubuhi ukaona kama vimemwagiwa maji ya moto. Aanzie kwenye kaburi la mama yenu kwenda juu. Festo, ulipouza ile mipaini nilikuwepo. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa na mgonjwa. Kunyamaza kwangu hakukuwa kukubali. Tumaini asichimbe hata shimo moja kabla wewe hujaja kukaa na mimi hapa jikoni. Nimemaliza."

Festo 20:51
Nimesikia. Shikamoo shangazi.

Anjela 20:52
Kwa hiyo tarehe 18 unakuja?

Anjela 21:15
Festo?

Oswald 22:37
Poleni, nilikuwa safarini. Shamba lipi, la juu au la mtoni?

Anjela 22:38
Kaka!! Soma huko juu.

Oswald 22:49
Nimesoma. La juu nusu yake nimemkodisha jirani, ameshapiga matuta ya viazi upande wa barabarani. Si nilisema siku ya msiba?

Grace 22:50
Ulimwambia nani?

Oswald 22:50
Nilisema mbele za watu.

Anjela 22:52
Mungu wangu. Amekulipa?

Oswald 22:58
Nusu.

Mwl. Tumaini 23:02
Msigombane usiku. Miche 62 haijazi hata ekari moja. Upande wa kaburini uko wazi?

Iddo 23:04
Uko wazi ma'mkubwa, ni nyasi tu.

Mwl. Tumaini 23:05
Basi samadi ya ng'ombe wa bibi usiiuze. Mashimo yasubiri.

Iddo 23:06
Viroba 9 vipo.

Anjela 23:08
Tarehe 18 basi. Andikeni majina wanaokuja. 1. Anjela

Neema 23:09
2. Neema (na mkate)

Grace 23:10
Mimi zamu. Nitaangalia.

Festo 23:31
Iddo, shangazi bado anatumia sukari au alikatazwa?

Iddo 23:33
Alikatazwa ba'mkubwa. Chai anakunywa kavu, na tangawizi.

Anjela 23:34
Festo, hiyo ni tarehe 18 au kabla ya hapo?