Baa ya mbao huko chini ya nyumba, nianzie wapi wandugu?

Habari za jioni wandugu, shikamooni wakubwa. Mimi ni yule mliyenisaidia mambo ya kibali mwezi wa tano, asanteni sana, sasa nimetulia. Tumehama South B, Nairobi, tumekuja huku Ruaka pembeni ya mji kwenye nyumba ya mteremko, mbele unaingia sawa na barabara ila nyuma imeshuka, kwa hiyo chini kuna chumba kikubwa kitupu kimechimbwa kwenye udongo, mwenye nyumba anakiita besimenti, alikuwa anawekea matairi. Mimi nataka kaunta ya baa humo, ya mbao za kishamba kabisa, zile zenye kingo zake kama zilivyotoka kwenye mti, sitaki MDF, zile mbao za kiwandani za kung'aa. Yaani mechi ya watani ikifika watu kama kumi tuna pa kukaa, siyo kila mara kutafuta baa inayokubali kuweka Simba na Yanga. Mwenye nyumba karuhusu mradi nisitoboe ukuta hovyo. Nimeongea na fundi mmoja Ngong Road anataka nusu ya hela aanze wiki hii. Nimpe? Kuna aliyeshafanya?

— wa Ruaka, mgeni

* * *

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa nyumba.

Usimpe hela wiki hii. Huyo fundi simjui na simsemi vibaya, ila chumba chenyewe hakijawa tayari, ukiingiza mbao humo sasa hivi mwakani unazitoa zimeota ukungu. Nakwambia kilichonipata mwenyewe kwenye chumba kama hicho hicho.

Mimi ni wa Mafinga, kule Iringa Tanzania, nimekulia kwenye harufu ya mbao, shamba la miti la Sao Hill liko pale pale kwetu na baba alifanya kazi kwenye mashine ya kupasulia miaka mingi, kwa hiyo nilipopata chumba nikajua hii kazi naiweza. Nikaenda soko la Gikomba mwezi wa nne, masika yamekolea, mbao za saiprasi zimerundikwa nje zimelowa, ukiziwekea kiganja unasikia ubaridi wa maji kabisa, nikazinunua hivyo hivyo, Jumamosi zikafika nyumbani na Jumapili jioni tumeshamaliza kupigilia misumari. Ilipendeza, watu walipiga picha. Kufika Agosti mbao za juu zilikuwa zimejikunja kama vigae, kingo zimeinuka katikati pamebonyea, ukiweka glasi inaegama, na kati ya mbao na mbao kidole kinapita. Halafu nilipoisogeza kaunta nikaangalia nyuma, upande uliokuwa unagusa ukuta ulikuwa na ukungu mweupe kuanzia chini mpaka usawa wa goti. Iliniuma sana. Nilivunja yote nikaanza upya, na hiyo ya pili ndiyo mnayoikalia mpaka leo.

Kwa hiyo fanya hivi leo leo. Chukua karatasi ya nailoni isiyopitisha maji, kipande cha kama futi mbili kwa mbili, kibandike kwenye ule ukuta unaoshika udongo kwa tepu pana ya maboksi, ziba pande zote nne pasibaki hata upenyo. Kingine bandika sakafuni. Viache siku mbili. Ukikuta maji yamejikusanya chini ya nailoni, upande wa ukuta, basi unyevu unatoka kwenye udongo unapita ndani ya ukuta. Ukikuta ukuta mkavu ila nailoni imelowa kwa juu, upande wa chumbani, hayo ni maji ya hewa yanagandia penye baridi, na dawa yake ni hewa ipite, madirisha mawili yanayotazamana au feni ya kutoa hewa. Ni magonjwa mawili tofauti na watu wengi wanatibu lisilo lao, wananunua simenti ya kuzuia maji wanapaka ndani, inakaa msimu mmoja halafu inabanduka vipande kwa sababu maji yanaisukuma kutoka nyuma.

Kama yanatoka kwenye udongo dawa iko nje siyo ndani. Angalia kwanza maji ya paa yanamwagika wapi. Kwangu bomba la gata lilikuwa linamwaga pale pale nyuma ya ukuta, nilirefusha bomba likapeleka maji mbali na nusu ya tatizo ikaisha kwa hela ya bomba moja. Nusu iliyobaki ni kuchimba mtaro nyuma ya ukuta, unashuka chini kuliko sakafu yako, unalaza bomba lenye matundu kwa mteremko, unafunika kwa kokoto. Kwa kuwa umepanga, hilo ni la mwenye nyumba, ni ukuta wake unaooza, mwonyeshe hiyo nailoni kwa macho na mkikubaliana muandikiane. Mvua za vuli zinaanza Oktoba, sasa ni Agosti, muda unao lakini siyo mwingi. Wote tuliokuwa hapa Aprili na Mei 2024 tunajua maji ya mji huu yakiamua kuingia ndani yanaingiaje.

Sasa mbao. Hapo ndipo nitakuchosha maana naipenda hii habari.

Ukifika Gikomba usiseme mabanzi. Mimi nilisema mabanzi yule muuzaji akanitazama tu mpaka nikamwonyesha kwa kidole, kumbe huku wanaita ofukati. Ni zile zile, mgongo wa gogo, upande mmoja bapa upande mwingine una gome. Kwetu Mafinga watu wanajengea vibanda na kupikia, ila ukizibandika vizuri mbele ya kaunta hakuna kitu kizuri kama hicho. Gome litoe lote. Najua unaona gome ndilo lenye ushamba wenyewe, lakini chini ya gome ndipo mdudu anapokaa na kutaga, na hata asipokuwepo mbao ikikauka gome linaachia linaanguka vipande vipande kwenye vinywaji vya watu. Lichokoe kwa patasi butu au panga lisilo na makali, ukutane na ile ngozi laini ya chini, halafu sugua na brashi ya waya kufuata mistari ya mbao. Brashi inakula ile nyama laini inaacha mistari migumu imesimama, ukipitisha vidole unaihesabu. Hapo ndipo ushamba unapotoka. Paka dawa ya wadudu kabla hujapaka kitu kingine chochote, na usimruhusu fundi akupakie oili chafu ya gari kama wanavyopaka nguzo za fensi, ndani ya chumba harufu yake haiishi.

Ubao wa juu kwangu ni grevilea, ubao mmoja mpana wenye kingo zake, inchi mbili unene. Grevilea ni ile miti ya mashambani, wanaipanda mipakani na kwenye kahawa huku Kenya ya kati, ukiirandisha inatoa madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki, nilipoipaka mafuta mara ya kwanza nilisimama tu naiangalia. Mkaratusi ni mgumu na bei yake nzuri ila ukikauka unajipinda kama kamba, kwa kaunta siushauri. Na usishangae ukikuta paini ya kutoka kwetu, Kenya walisimamisha ukataji kwenye misitu yao ya serikali Februari 2018 mpaka Rais Ruto akatangaza kufungua Julai 2023, na malori ya mbao kutoka Tanzania yalishazoea njia.

Muulize muuzaji ilipasuliwa lini na usimwamini kwa maneno tu. Wazee wa mashine wanasema kila inchi ya unene inataka kama mwaka mzima kukauka kwa hewa, kwa hiyo ubao wa inchi mbili uliopasuliwa Krismasi bado ni mbichi. Mimi nilifanya hivi, nilikata kipande cha unene ule ule ndani kidogo ya ncha ya ubao, nikazipaka nta ncha zake mbili kisikauke haraka kuliko ubao wenyewe, nikakipima kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu kila Jumapili nikawa naandika namba kwa penseli kwenye kipande chenyewe. Wiki za mwanzo kilikuwa kinapungua gramu nyingi, halafu chache, halafu zikafika Jumapili tatu namba haijasogea. Siku hiyo ndiyo nikajua ubao umetulia. Muda wote huo mbao zilale humo humo chumbani, baada ya chumba kuwa kikavu, zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, na zile ncha mbili zipake rangi au nta maana ubao unakauka haraka kwenye ncha kuliko katikati na nyufa zinaanzia hapo.

Vipimo, kwa haraka. Kaunta inchi 42 kutoka sakafuni, stuli inchi 30, ubao wa juu utokeze mbele inchi kama 10 magoti yapate pa kuingia, kila mtu mpe futi mbili za upana. Kwa hiyo hao kumi hawatakaa wote kaunta, watano kaunta wengine kwenye benchi. Nyuma kwa anayehudumia acha futi tatu, friji ifunguke na mtu apite. Mti wa kuwekea miguu uweke inchi 8 hivi kutoka chini.

Fremu tengeneza ya mbao za 4x2, inchi nne kwa mbili, na uifunge kwa bolti na nati, siyo misumari, umepanga na siku ya kuhama utaifungua uende nayo. Isiguse ukuta, acha inchi mbili. Isikanyage sakafu tupu, chini ya kila mguu weka kipande cha DPC, ile nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu inayowekwa chini ya matofali. Ubao wa juu ufunge kutoka chini kwa skrubu, na matundu kwenye fremu yawe mapana kidogo kuliko unene wa skrubu, ubao upate nafasi ya kutanuka na kusinyaa, ukiukaza kabisa utapasuka wenyewe katikati. Na kabla ya yote pima ngazi. Nenda na futi kamba upime pale ngazi inapokata kona, ubao wa futi nane hauzunguki kila mahali.

Ukishafika hapo ndiyo umwite fundi, na hela ya kwanza iwe ya mbao, mwende wote mkanunue, ilale kwako. Mimi wangu wa kwanza nilimpa nusu mkononi akapotea wiki tatu.

— wa Mafinga

* * *

Habari zenu. Kaka wa Mafinga kasema vizuri, mimi naongeza mawili ya usalama, nina watoto na yangu iko chini vile vile, huku Ngong.

Vanishi usipakie humo ndani umefunga milango, ule mvuke unajaa chumba cha chini na hauna pa kutokea, mimi kichwa kiliniuma siku mbili. Paka mbao nje zikauke ndipo uzishushe. Na ukitumia mafuta ya kitani, matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yanapata moto yenyewe bila kiberiti, ni kweli kabisa, yatandaze nje yakauke au yatumbukize kwenye maji. La pili stima. Friji na taa za kaunta zipate laini yake na ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, hasa chumba chenye historia ya maji, na fundi awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati ya Kenya, mwambie akuonyeshe. Soketi ziwe juu, siyo usawa wa kifundo cha mguu.

Na kabati la chupa tia kufuli. Pia wageni wanywe tu, usije ukaanza kuwauzia, sheria ya vileo ya 2010 huku inataka leseni hata kama ni nyumbani kwako.

— Mama wawili, Ngong

* * *

Asanteni sana, sikutegemea majibu haya. Nimebandua nailoni leo asubuhi. Ya sakafuni kavu kabisa juu na chini. Ya ukutani, upande wa ukutani, matone matone, nilipoibandua yakachuruzika mpaka kwenye kidole. Nimempigia video mwenye nyumba hapo hapo, akaja mwenyewe mchana, akasema ndiyo maana matairi yake yalikuwa yananuka. Bomba la gata liko vile vile kama lako kaka, linamwaga nyuma. Kokoto na bomba la matundu atanunua yeye, kibarua wa kuchimba ni juu yangu, tumeandikiana kwenye karatasi. Fundi nimemwambia tuonane Novemba. Ila grevilea nimeshaanza kuiulizia, kuna mzee njia ya Limuru kapasua gogo tangu mwaka juzi ameliweka chini ya kibanda. Nikatazame nini?

— wa Ruaka

* * *

Mdogo wangu umenifurahisha. Kwa huyo mzee nenda na kisu kidogo na mizani. Chunguza kwenye ncha kama kuna vitundu vidogo kama vya sindano na unga mweupe unaodondoka, ukiona unga mbichi achana nao. Mwombe akukatie kipande cha inchi mbili ndani kidogo ya ubao, siyo kwenye ncha yenyewe, ukipime wiki nzima kabla ya kulipa, mzee anayejua mbao hatakataa.

Jumamosi kibarua anaanza saa ngapi? Nina machepe mawili na ile kamba ya kupimia mteremko, nakuja. Kokoto ziwe zimeshashushwa upande wa nyuma, siyo getini, tusizibebe mara mbili.

— wa Mafinga