Nembo yetu inatoka na kijani tofauti kila tunapochapisha

Swali: Afisa wa mauzo, Westlands
Habari zenu. Ninasimamia matangazo ya sacco yenye matawi kadhaa hapa Nairobi. Vipeperushi tunachapisha River Road, mabango Eneo la Viwandani, na fulana zinatoka kwa fundi mwingine kabisa. Tulipoviweka vyote pamoja kabla ya mkutano mkuu, kijani cha nembo kilikuwa cha namna tatu, na tawi moja lilikuwa limeivuta nembo ikapanuka ili ijaze bango. Tufanyeje bila kuwaacha wachapishaji wetu?

Jibu: Msanifu wa michoro, Ngara
Pole sana. Huenda wachapishaji hawana kosa. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kikali unachokiona kwenye simu mara nyingi hakipatikani kwa wino huo, kwa hiyo kila fundi hukikadiria anavyoona. Wapeni nambari ya Pantone (mfumo unaoipa kila rangi nambari yake) pamoja na asilimia za wino zote nne, wasibaki kuiga picha. Hata hivyo karatasi isiyong'aa hunywa wino na rangi ikafifia, basi daini sampuli kwenye karatasi ileile itakayotumika, na muitazame nje mchana. Nembo itumwe kama faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora, kwa sababu picha iliyopitia WhatsApp imebanwa, na ikikuzwa hadi ukubwa wa bango kingo zake hupoteza ukali.

Jibu: Meneja wa mawasiliano, Upper Hill
Nakubaliana naye, ila tatizo kubwa naliona kwenye matawi. Wapeni violezo vilivyo tayari, wabadilishe tarehe na mahali tu, na mtu mmoja makao makuu aidhinishe kabla malipo hayajatoka. Bila kizuizi hicho, mwongozo wa chapa, yaani kanuni za kutumia nembo na rangi zenu, hubaki kabatini. Ondoeni pia vifaa vya zamani. Kampuni ya simu ya Kencell ilipogeuka Celtel, kisha Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, kila jina lilikuja na nembo na rangi zake, na kibanda kilichoachwa na rangi za jana kilimtangazia mteja kampuni isiyokuwepo.

Afisa wa mauzo
Asanteni sana. Na mihuri na risiti, ambazo hazina rangi?

Msanifu wa michoro
Tengenezeni nembo ya pili ya rangi nyeusi pekee, isiyo na kivuli wala mistari myembamba, na muijaribu kwanza katika upana wa sentimita mbili.