Naomba ushauri: tuajiri mhasibu kwanza, au tujiegemeze kwa chama kikubwa?

Wandugu, salamu kutoka Bukavu. Naomba mawazo ya wale waliokwisha kuongoza vyama vidogo vya mazingira.

Chama chetu ni cha vijana na akina mama wa mtaa mmoja wa Kadutu. Tunazibua mifereji, tunaokota plastiki kabla mvua haijazisukuma ziwa Kivu na kwenye mto Ruzizi, kule zinakoziba mitambo ya bwawa la umeme, na tunapanda miti pale udongo unapoporomoka. Kazi inaonekana. Karatasi ndizo zinatushinda. Pesa zote zimeandikwa kwa kalamu kwenye kaye (daftari) ya mama mweka hazina, faranga na dola ukurasa mmoja, risiti zimebanwa kwa pini. (Na ni mwaminifu kuliko kompyuta yoyote.)

Sasa mfadhili anadai hesabu zilizokaguliwa, mwongozo wa matumizi ya fedha, na utu wa kisheria, yaani chama kitambuliwe rasmi na serikali, kwa mujibu wa sheria 004/2001 ya vyama visivyotafuta faida hapa Kongo. Statuti (katiba ya chama) tunazo, zimepita kwa notari, afisa anayethibitisha hati. Faili la Wizara ya Sheria tumelianza. Tulipata mhasibu wa kujitolea, akaitwa kazini kwingine.

Kwa michango yetu midogo, mngemlipa mhasibu wa siku chache kwa mwezi, au mngeomba chama kikubwa kitushikie pesa za mradi hadi tuzoee? Na mtu mmoja akianza kulipwa, mlifanyaje ili wanaojitolea wasitupe mafagio?

Hasa ningependa kusikia kutoka kwa walioko Goma na Bukavu. Aksanti.