Nimerithi cherehani ya mama, nina miaka 43. Nianzie wapi kujifunza kushona?

Mama Wawili, Morogoro
Habari za jioni wadau. Marehemu mama ameniachia cherehani yake ya miguu, Butterfly nyeusi, ndiyo iliyotusomesha. Miaka yote nilimwona akishona na sikuwahi kukaa pale hata siku moja. Sitaki kuiuza, wala sitaki igeuke meza ya televisheni.

Nina wiki mbili najaribu usiku, watoto wakishalala. Gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Mshono kwa juu unapendeza, nikigeuza kitambaa chini ni mafundo matupu. Nimezungusha skrubu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mpaka nimechoka. Yadi 3 za kitenge cha sketi ya rinda zimeshaharibika. Chuo siwezi, natoka kazini saa 12 jioni. Mtu wa umri wangu anaweza kujifunza mwenyewe nyumbani?

Fundi wa Zamani
Pole kwa msiba, mwanangu. Nimeshona miaka 31. Hiyo skrubu ya bobini iache. Mafundo yakiwa chini, kosa karibu kila mara liko juu: uzi haujaingia katikati ya vile visahani vinavyoukaza. Toa uzi wote, nyanyua mguu unaokandamiza kitambaa, ndipo uupitishe upya tangu mwanzo. Mguu ukiwa chini visahani vimebana, uzi unapita pembeni.

Kisha tazama sindano. Upande mmoja ina mfereji mrefu, na uzi uingie tunduni kutokea upande huo. Ikikaa kinyume itaruka mishono au itakata uzi. Kitenge kiwekee namba 14, 16 ni ya jinzi.

Kuhusu miguu, siku 3 usishone kabisa. Legeza skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono ili sindano isicheze, ukanyage tu. Kila unapoanza, vuta gurudumu kwa mkono lije upande wako, miguu ifuate. Ukiweza kuanza na kusimama bila kurudi nyuma, kaza skrubu, weka sindano kuukuu bila uzi, upitishe karatasi ya daftari la mistari. Matundu yakifuata mstari kurasa mbili nzima, rudi kwenye kitambaa.

Binti wa Kisauni
Pole sana dadangu. Mimi nilianza na miaka 38, na rinda ndilo lililotaka kunikatisha tamaa. Anza na leso, yaani kanga. Zinauzwa mbili zimeshikana, kwa hiyo ukizitenganisha unapata mapindo manne yaliyonyooka, kila moja mita moja na kidogo. Kunja mara mbili, piga pasi kwanza, ndipo upeleke mashineni. Mimi nilikuwa naidharau pasi, kumbe nusu ya unadhifu wa mshono iko pale. Baada ya leso shona foronya, halafu sketi ya lastiki. Rinda litakungoja.

Mpima Futi
Hapo kwenye kujifunza peke yako natofautiana nanyi kidogo. Kushona mtu anajifundisha, lakini kukata kunataka mwalimu. Bega na kwapa ukikosea kukata, hakuna mshono utakaookoa. Dada, mwombe fundi wa mtaani kwako ukae naye Jumamosi mbili tatu uone anavyopima na kuchora. VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, nao wana kozi fupi, ulizia chuo cha karibu kama wana muda unaokufaa.

Na kitenge kifue kabla ya kukikata, pamba hurudi. Nilimshonea dada yangu gauni, likafuliwa mara moja tu, zipu haikufunga tena. Niliumia sana, maana lilikuwa la sherehe yake. Tangu hapo nguo ya mtindo mpya naikata kwanza kwenye shuka kuukuu.

Mama Wawili, Morogoro
Shikamoo Fundi, na nyote ahsanteni sana. Ni kweli, uzi ulikuwa unapita nje ya visahani! Mafundo yamepungua sana. Kwenye droo ya mashine nimekuta doti ya mama ambayo hakuwahi kuipinda. Nimeikata jana usiku, mapindo mawili tayari. La kwanza nimelifumua mara 3, la pili limenyooka.

Ila ile skrubu nilishaizungusha. Nitajuaje kama imekaa sawa?

Fundi wa Zamani
Marahaba mwanangu. Weka bobini ndani ya kikombe chake chenye ile skrubu, ushike ncha ya uzi ukining'inize. Kikishuka chenyewe hadi chini, kimelegea. Ukitikisa mkono na kisisogee, kimebana mno. Kinatakiwa kitulie, ukitikisa kishuke kidogo kisimame. Skrubu izungushe robo kwa robo, ukijaribu kila mara. Ikikaa sawa, malizia mapindo mawili yaliyobaki.